Mseto wa Kuamia Ndege

Wateja waliokuja kuwekewa nyimbo kwenye flashi katika kibanda cha Joy, nyuma ya stendi ya Garsen, walikuwa na mazoea ya kukunja suruali kabla mseto wake wa muziki haujafika disko. Wanawake waliinua madera yao na kuyafunga fundo juu ya goti. Soul haikuwasumbua, kwa sababu soul ililowesha vifundo vya miguu tu, na wengi walivaa ndala. Disko ilifika magotini. Muziki wa hausi ulifika kiunoni, na hapo kila mtu alitoa simu mfukoni akaishika juu ya kichwa. Rege ilifika kifuani. Mseto ulipokwisha walitoka nje, wakakamuana nguo, wakachukua flashi zao na kwenda zao, kila mmoja na mstari wa tope kifuani.

Maji yenyewe hayakuonekana. Sakafu ilibaki kavu na vumbi lake, na karatasi iliyodondoka chini haikuelea. Kilicho hai tu ndicho kilicholowa, na kibanda kilinuka Mto Tana unapotibuka.

Wa kwanza kulowa alikuwa Barwako, aliyeuza maziwa ya ngamia kibanda cha pili. Ilikuwa wiki ile Joy aliporudi mjini baada ya kumzika mama yake. Alitaka kujua kama laptopu yake ingali nzima, akacheza kitu cha mwisho alichokuwa amerekodi. Barwako alikuwa amesimama mlangoni kumpa pole. Alisikiliza soul, akatazama pindo la gauni lake, akalikamua, kisha akaendelea na pole yake pale alipoishia. Disko ilipoingia aliona afadhali aseme.

"Abaayo, dada yangu, ungeniambia mapema," alisema. "Ningevaa viatu vya plastiki."

Baada ya hapo mji ulizoea. Aliyesikiliza kwa visikizio alilowa peke yake, hata kama amebanana na mwenzake kwenye benchi moja. Aliyepanda juu ya kiti alilowa kwa kadiri ambayo angelowa siku mseto uliporekodiwa kama angekuwa juu ya kiti. Hausi haikusikilizwa na mtu aliyekaa, na watoto hawakuruhusiwa kupita disko. Kwenye arusi moja wageni walicheza mseto wote mpaka rege, wakala pilau wakiwa wamelowa, na bibi arusi hakulalamika, ila shoga yake aliyekuwa amepakwa hina mpaka mapajani alisikika akisema kwamba angeambiwa mapema angeokoa kazi ya jana nzima.

Mseto huo Joy hakuutengeneza kwa ajili ya watu. Aliutengeneza kwa ajili ya ndege.

Mama yake, Priscilla, alilima mpunga bondeni, upande wa Kilelengwani, mahali alipolima mama yake na bibi yake. Mpunga ukianza kutia maziwa kweleakwelea huja kama wingu, na shamba lisilo na mtu wa kuamia huisha asubuhi moja. Miaka yote Priscilla alipanda juu ya dungu lake, lile jukwaa la miti linalosimama katikati ya shamba, akarusha udongo kwa kombeo na kupiga debe mpaka sauti ikamkauka. Joy alipomaliza chuo akarudi nyumbani na laptopu na spika mbili badala ya kazi, mama yake alivizunguka vile vyombo, akavigusa kwa kidole kama mtu anayepima uji.

"Basi hizo kelele zako zilete shamba," alisema. "Nazo zikatafute chakula."

Ndege wa Tana si wajinga. Wimbo mmoja huuzoea upesi, na wakishauzoea hula huku wakiusikiliza. Joy, ambaye mbele za watu alikuwa mwoga hata wa kuagiza chai, alikaa msimu mzima akiwasoma ndege kama wengine wanavyosoma vitabu. Soul aliitanguliza, kwa sababu waimbaji wa soul hulia ghafla katikati ya utulivu, na ndege mwenye njaa ya asubuhi hapendi mtu anayelia ghafla. Disko ilifuata kwa ajili ya makofi yake. Hausi aliiingiza pale ndege walipoanza kurudi mmoja mmoja, kwa kuwa mdundo wake hutembea ardhini, na ndege waliusikia kwenye mabua ya mpunga kabla hawajausikia masikioni. Rege aliiweka mwisho, jua likiwa limekuwa kali. Ndege hawaikimbii rege. Hutua mitini wakatulia, wasile, na wanaoamia nao hupata nafasi ya kushuka wakatia kitu tumboni.

Mashamba ya jirani yaliomba spika zielekezwe kwao pia. Hudson, ambaye shamba lake lilipakana na la Priscilla, alisema ndege wake sasa wanajua muziki kuliko kwaya ya kanisa, ila kwaya isiambiwe. Kati ya wimbo na wimbo Joy alisema salamu kwenye kipaza sauti, kwa kuwa dijei asiyetoa salamu huonekana ana majivuno. Alimsalimu Hudson na shamba lake, aliusalimu mtumbwi uliokuwa ukivuka, aliwasalimu wagonjwa kwa majina. Kwenye kipaza sauti hakuwa mwoga. Mama yake alizijibu salamu kutoka juu ya dungu, kwa sauti ya kumfikia Mungu, na majibu yake yaliingia kwenye rekodi.

Siku ya mafuriko mbingu ilikuwa nyeupe, haina wingu hata moja. Ndege walikuwa wameuzoea mseto wa zamani, na Joy alikuwa akirekodi mpya. Alisimama ndani ya kibanda cha makuti pembeni mwa shamba, laptopu na betri vikiwa juu ya uchaga, kipaza sauti kikiwa wazi. Soul ilikuwa ikiendelea maji yalipomfika vifundoni.

Hakushtuka, na wenzake mashambani hawakushtuka. Watu wa bonde hawakimbii maji, ndiyo yanayowalimia. Na Tana huja kwa adabu. Maji yakipita Kinakomba, upande wa juu wa mto, jamaa wa huko hupiga simu, na kutoka hapo watu huwa na nafasi ya kuvuna kilichokomaa, kuhamisha kuku, kugombana nani atangulie na kupatana tena. Leo kifundoni, kesho kutwa gotini. Kwa hiyo aliye juu ya dungu hubaki juu ya dungu, akaendelea na kazi, mpaka mtumbwi umpitie jioni. Hiyo ndiyo desturi, na hakuna mtu pale aliyewahi kufa kwa kuifuata.

Siku ile hakuna simu iliyopigwa kutoka Kinakomba, kwa sababu hakuna maji yaliyopita Kinakomba. Maji yalitoka karibu. Juu kidogo ya mashamba ya mpunga kampuni moja ya miwa ilikuwa imekinga mkono wa mto kwa tuta refu, ikayafuga maji tangu masika. Asubuhi ile tuta lilianza kulegea upande wa miwa. Wakafungua malango upande wa mpunga. Walinzi wao walilisema jambo hilo wenyewe wakinywa chai Garsen, wakitikisa vichwa, kisha baada ya siku chache wakaacha kulisema.

Disko, Joy alikunja dera lake. Hausi, aliinua nyaya. Mama yake aliita kutoka kwenye dungu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliye kazini, mwenye hasira na ndege na si na kitu kingine chochote.

"Joy, mwanangu, ongeza sauti! Wamerudi hawa!"

Joy aliongeza sauti. Rege ilipoingia miguu ya dungu ilikatika. Joy alikuwa ameshika mti wa uchaga, maji kifuani, na hakuona. Mpunga ulikuwa umeshalala na palikuwa na mwanga mwingi juu ya maji. Hudson alimtoa kwa mtumbwi, yeye na vyombo vyake. Priscilla walimpata kesho yake kwenye matete, kombeo likiwa bado limezungushwa mkononi.

Mwezi haukupita, ripoti ya idara ya maafa ikasomwa barazani chini ya turubai. Ilisema mafuriko yalisababishwa na mvua kubwa isiyo ya kawaida. Watu walitazama viatu vyao, vilivyokuwa na vumbi. Waliokufa walitajwa kwa majina, kila mmoja na sentensi yake. Sentensi ya Priscilla ilisema kwamba marehemu alionywa ahame, akakaidi.

Joy alikuwa amekaa nyuma, mahali anapokaa siku zote. Alisimama aseme kitu, watu wakageuka kumtazama, akaketi tena. Mama yake hakuwahi kumkaidi mtu. Hata muuza samaki aliyempunja alimshukuru kwanza. Na huyo aliyemwonya, alimwonya kwa njia gani, akapita na nini, mbona kipaza sauti kilikuwa wazi na hakikumsikia? Kitu alichokitaka Joy baada ya siku hiyo kilikuwa kimoja: sentensi ile ifutwe. Mvua waiache kama wanaipenda. Neno lile walitoe juu ya mama yake.

Ndiyo sababu Joy hakuuliza kwa nini mseto unalowesha watu. Aliuweka kwenye flashi, akabeba spika moja, akaenda ofisini.

Afisa aliyeandika ripoti aliitwa Nicholas. Alikuwa mtu mpole, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, na alimkaribisha Joy kwa heshima. Joy, ambaye alikuwa ameyarudia maneno yake njia nzima, aliyasahau yote, akachomeka spika. Bwana Nicholas alikuwa ameshasikia habari za mseto. Alihamisha mafaili kutoka mezani, akasimama wima mikono nyuma, kama mtu aliye kwenye wimbo wa taifa.

Soul ikamlowesha. Aliinama, akachovya kidole kwenye soksi yake, akanusa.

"Maji ya mto," alisema.

Disko ikaja, hausi ikaja. Waliokuwa wakisubiri kwenye korido nao waliinuka kwenye viti, kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Joy alimwonyesha mstari ulivyokuwa ukipanda kwenye suruali. Alisema mseto ni ule ule, haukukatwa popote. Ulianza maji yakiwa kifundoni na unakwisha yakiwa kifuani. Aliuliza ni mvua gani ya Tana inayopanda mtu mzima kabla rege haijakwisha.

"Dada Joy," alisema Bwana Nicholas, "mimi kwetu ni Kinakomba. Siku ile nilimpigia mama, akaniambia mto umelala. Najua."

"Kama unajua, andika."

"Ninachojua siandiki. Ninaandika kinachopitishwa."

Kisha, kwenye rekodi, Priscilla aliita aongezewe sauti. Bwana Nicholas aliinamisha kichwa, akangoja rege imfike kifuani, ikamfika, ikaisha. Alizungumza kwa upole. Alisema ameguswa sana, na kwamba ushahidi huu ataupeleka juu, hautakaa mezani kwake. Aliomba nakala. Joy alimpa, akarudi nyumbani, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi alilala bila kuota.

Ripoti iliyorekebishwa ilibandikwa kwenye ubao nje ya ofisi. Hudson ndiye aliyeiona kwanza, akampigia Joy simu, akasema afadhali aje aisome mwenyewe, yeye mdomo wake unakataa. Mvua ilikuwa palepale. Neno la ukaidi lilikuwa limeondolewa. Mahali pake paliandikwa kwamba marehemu alionywa ipasavyo, lakini hakuweza kusikia onyo kwa sababu ya muziki wa sauti ya juu uliokuwa ukipigwa na binti yake, na kwamba sauti ya marehemu mwenyewe akiomba muziki uongezwe imehifadhiwa na idara kama ushahidi.

Joy aliisoma mpaka mwisho. Watu waliokuwa nyuma yake wakisoma habari za nafasi za kazi walimwomba asogee kidogo, akasogea.

Alikwenda kwa Barwako, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, na Barwako akamtilia maziwa. Joy alisema kwamba wamemuua mama yake mara ya pili, na safari hii wamemshikisha yeye panga. Barwako alisema watu wa aina hiyo kwao hawaapizwi, maana hata laana huona haya kuwafuata. Akamtilia maziwa mengine. Joy alisema ataufuta mseto. Barwako alimwuliza ataufutia wapi, wakati uko kwenye kila simu kutoka Minjila mpaka Kipini. Na ilikuwa kweli. Joy mwenyewe ndiye aliyewawekea.

Kiangazi kilikuwa kirefu mwaka huo. Mkono wa mto ulikauka mpaka ukaonyesha mchanga, na mashamba ya mpunga yaliyosombwa hayakupandwa tena, kwa kuwa mbegu zilikwenda na maji. Kwenye kampuni miwa ilikuwa kijani. Hudson alipita kando ya uzio akitafuta ng'ombe, akasikia soul. Alisimama. Walikuwa wamefunga spika kwenye nguzo, nguzo moja baada ya nyingine, mpaka macho yalipofika. Miche ya miwa ililowa vifundoni wakati wa soul, na miwa mikubwa ikalowa magotini disko ilipoingia. Mwanzo wa hausi ulipobisha tu, mlinzi aliinuka kwenye kivuli, akaubonyeza mseto urudi mwanzo. Alikuwa amevaa buti za mpira. Alimwambia Hudson kwamba wameagizwa wasipite disko, maana yale ya mbele yanazidi haja ya shamba.

Hudson alimwuliza kama anajua huo ni muziki wa nani.

"Ni wa ndege, nasikia," alisema mlinzi, na akampungia mkono ng'ombe wake asikanyage mifereji.

Joy alipoambiwa hakulia. Alichukua spika zote mbili safari hii. Alipita stendi, akapita wauza matikiti, na waliomwona walisema baadaye kwamba alitembea kama mtu ambaye hajawahi kuogopa kuagiza chai. Korido ya ofisi ilikuwa imejaa. Wenye uzoefu walipoziona spika waliinuka bila kuambiwa, wakawabeba watoto mabegani.

Hakungoja kukaribishwa. Alisema kampuni inamwagilia miwa yake kwa maji yale. Kama yalikuwa ya mvua, mbona wanayachota wao peke yao? Na kama ni maji yao, wameyatambua kuwa ni yao, basi ndiyo yaliyomuua mama yake, na idara iandike hivyo. Au, aliendelea, na sauti yake sasa ilisikika mpaka nje kwenye ubao, idara iandike hata hilo dogo tu: kwamba hakuna aliyemwonya. Rekodi iko kwao. Waisikilize yote, watafute onyo. Kuna debe, kuna mbuzi, kuna Hudson anapiga chafya. Onyo liko wapi?

Bwana Nicholas alisikiliza bila kumkatiza. Alisema hoja yake ni nzito. Alisema, hata hivyo, kwamba maji yaliyoua yalikuwa ya mvua na maji yanayomwagilia ni ya muziki. Ni mambo mawili, yako kwenye mafaili mawili, na hili la pili limeshapewa sifa kama ubunifu wa kilimo.

"Na onyo?"

"Onyo lilitolewa, dada Joy. Ripoti inasema."

Joy alibonyeza. Mseto ulipita wote, kwenye spika mbili, kwa sauti ya shamba. Soul, disko, hausi, na mama yake akaita, na rege. Makarani walishika kalamu zao juu. Mzee mmoja mfupi aliinuliwa na wawili asimezwe. Wimbo wa mwisho ulipokwisha kulibaki sauti ya nguo zinazodondosha matone kwenye sakafu kavu.

Bwana Nicholas alifungua droo ya juu, akatoa taulo, akampa kwa mikono miwili, kama inavyompasa mtu mwenye adabu. Ilikuwa mpya na laini. Kwenye pindo ilikuwa imetariziwa mua wa kijani na jina la kampuni.

"Wametuletea katoni nzima," alisema. "Waliposikia tunalowa."

Joy aliitazama taulo ile. Aliikunja vizuri, pindo juu, akaiweka mezani palipodondokea maji ya mama yake. Kisha akaurudisha mseto mwanzo.

Kwenye korido watu waliinua tena watoto wao. Bwana Nicholas hakumzuia. Alivuta kiti, akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.